Nimeshaaga, na Bado Nipo

Badjanani,
Moroni.
14 Mei 1985

Mpendwa Dada Hakima,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nipe mkono niubusu, kisha nikuulize hali. Goti limepoa, au ngazi za hapo Mutsamudu bado zinakutesa? Na shemeji Mdahoma, angali anapanda kilima cha Patsy kwa miguu kuangalia mikarafuu yake, au ameshakubali kuwa ni mzee? Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo, soma kwanza, utajua mwenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja tulikozaliwa, maana Kingazija changu wewe unakicheka, na Kindzuani cha kisiwani kwako mie nakiotea tu.

Unajua tangu marehemu mume wangu atangulie mbele ya haki, na binti yangu Zoubeida aende Paris, nyumba hii nakaa peke yangu. Sasa Zoubeida amejifungua mtoto wa kike. Arubaini ameikaa mwenyewe huko ghorofani, hana wa kumkanda mgongo wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga. Niliposikia nililia siku nzima. Mwana wangu wa pekee, mjukuu wangu wa kwanza, na mimi nipo hapa napika chungu cha mtu mmoja.

Basi akaniletea tiketi, niende wiki mbili tu, yeye achukue likizo kazini anipokee. Mie, Dada, ambaye ndege naiona ikipita juu. Ameniandikia kuwa atanionyesha mto wao mkubwa, na ngazi zinazotembea zenyewe chini ya ardhi, nisizikanyage mpaka anishike mkono. Kaniletea na soksi za sufu na viatu vya kufunga. Nikawa nafanya mazoezi, nakwenda na kurudi ukumbini kwa soksi na viatu, najicheka peke yangu.

Hapa Ngazidja hakuna kusafiri kimyakimya. Msafiri anazunguka nyumba kwa nyumba, anaomba radhi, anasomewa fatiha, na kila nyumba inamkabidhi kifurushi cha mtoto wake aliye huko. Karani wa ruhusa za kutoka nchini aliniambia karatasi yangu imebaki sahihi tu, nikaichukue Alhamisi. Nikaona aa, sahihi nayo ni kitu! Nikaanza kuaga toka Jumatatu. Wallahi sijawahi kupata wageni vile. Watu ambao hawajapanda kizingiti changu tangu matanga ya marehemu walijaa ukumbini, huyu na achari, huyu na vanila, Sitti jirani yangu na furushi la papa mkavu la wanawe. Sanduku likajaa mpaka gauni zangu nikazitoa. Nikafurahi, kusema kweli. Nilidhani wamenijia mimi.

Walitaka kunisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Nikawakataza, kwa sababu njiani kuna kizuizi cha wale Wazungu walinzi wa Rais wenye sare nyeusi, na hawapendi kuona watu wamekusanyika. Mengine hayaandikiki, unayajua. Nikaenda Ijumaa asubuhi na Soidri peke yake, yule mpwa wa marehemu mwenye teksi.

Kwenye kizuizi, kijana mmoja wa Kizungu, kwa umri angeweza kuwa mwanangu, aliigeuza karatasi yangu mbele na nyuma. Sahihi ipo. Kumbe siku hizi inatakiwa na muhuri wa pili, na huo sina. Nikamwambia nina mjukuu. Soidri akamtafsiria. Yule kijana akanirudishia karatasi kwa adabu tu, akasema nirudi ofisini baada ya Idi, kisha akaonyesha kwa mkono gari ligeuzwe. Ndege niliisikia ikiruka tukiwa njiani kurudi.

Sasa hebu niambie, ningepitaje mtaani na sanduku lile? Mtu amesomewa fatiha, amelia na kulizwa, halafu adhuhuri anaonekana anafungua mlango! Nilimwomba Soidri anizungushe mpaka watu waingie msikitini, vichochoro vikawa vitupu, nikapenya kwa mlango wa jikoni. Nikasema nitajificha siku moja mbili, muhuri upatikane. Ofisini Soidri amekwenda mara mbili, jawabu ni lile lile, baada ya Idi.

Basi tangu Ijumaa nipo ndani, Dada, na mji mzima unajua nipo Paris. Dirisha sifungui, moto siwashi. Soidri ananipitishia mkate na maji mlango wa nyuma. Viatu vile vya Zoubeida nimeviweka, natembea kwa soksi zake nisisikike.

Wanawake wanakaa kwenye baraza yangu kila alasiri kama kawaida yao, na mie nimekaa upande wa pili wa mlango, nasikia mpaka wanavyotafuna tambuu. Nilijua watanitaja. Wamenitaja mara moja. Mmoja aliuliza kama nitakuwa nimeshafikisha vifurushi, mwingine akasema nitakuwa ninakula jibini tu huko, wakacheka, wakarudi kwenye bei ya mchele. Hawakusema baya. Ndilo lililoniuma, kwamba hata baya hawakuwa nalo.

Na yale mapapa ya Sitti, la kuvunda halina ubani. Nimenyunyiza marashi, nimefunga sanduku kwa leso mbili, wapi. Paka wa mtaa mzima wamehamia mlangoni kwangu wanalia. Jana Sitti alitoka na ufagio kuwafukuza. Nikamsikia anawaambia: "Mnamlilia nani? Mwenyewe hayupo."

Nilisimama nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo. Nilitaka kusema nipo. Komeo nikaliachia, Dada. Nikarudi kukaa chini nikalia na mdomo nimeuziba na mtandio.

Zoubeida alipigiwa simu na Soidri kutoka posta. Alikuwa amekwisha kungoja uwanjani na mtoto mkononi mpaka abiria wa mwisho. Amesema bosi wake amekubali kumbadilishia likizo mara hii moja tu, na tiketi wanaweza kuisogeza. Nisipokwenda baada ya Idi, basi tena, mpaka Mungu ajue. Mtoto anaanza kuota meno. Natamani kumshika angali hajajua kunikimbia.

Soidri ananiambia, fungua mlango mke wa mjomba, watu watacheka siku moja kisha wasahau. Kweli watacheka. Lakini nimekaa gizani nikahesabu niliowaaga, mpaka muuza makaa tusiyesemezana naye. Wewe sikukuaga. Nilisema nitakuandikia nikishafika. Wewe uliyeninywesha uji mama alipokufa, uliyenisuka nywele siku ya harusi yangu, nikakuweka wa kuandikiwa kadi. Nimeomba radhi kwa mji mzima nikamruka mama yangu wa pili. Safari hiyo itanyooka vipi?

Kwa hiyo nimeamua. Mlango nitaufungua kesho alasiri, wakiwa wamejaa barazani. Sitti nitamrudishia papa wake, na wakicheka, nitacheka nao. Kisha Jumatatu, Mungu akipenda, nakuja kwako kwa ndege ndogo, tufunge Ramadhani pamoja. Karatasi ya kuja huko haitaki muhuri. Soidri atafuatilia ruhusa, na Idi ikipita nitaondoka kwenda kwa Zoubeida nikitokea kwenye mikono yako.

Nisalimie shemeji Mdahoma, na mwanao Moina na wanawe, na wote wa nyumba ya Patsy. Mwambie Moina asiandae kitu, mie nala chochote kilichopikwa kwa moto.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya, atukutanishe tukiwa hai kabla ya kutukutanisha Peponi.

Radhi usinitumie kwa barua, nakuja kuichukua mwenyewe. Na ukinifungulia mlango, kabla ya salamu, niite lile jina langu la utotoni. Duniani umebaki wewe tu unayelijua.

Mdogo wako akupendaye,
Moinahalima