Kijiuso Nilichokubonyezea

Mpendwa mjukuu wangu Asya,

Barua za kwetu huanza kwa kusema sisi huku wazima, wasiwasi ni juu yako. Mie sianzi hivyo. Mize, mke wa mjomba wako, ndiye anayeandika. Mie nasema, na nimemwambia asinirembee hata neno. Wengine wakitaka kuisoma, waisome. Mabibi kama mie tuko wengi.

Wakumbuka tulivyokuwa tukitaniana? Nikikwita mke mwenzangu, nawe waniambia, "Bibi, mumeo hana haja nawe tena, kaona umeng'oka meno." Ulikuwa na ulimi weye! Hata ulipoolewa Konde ukaja kunitazama na tumbo lako, ulinikuta natwanga pilipili manga ya uji wako wa uzazi, ukanicheka: "Mtoto hata hajageuka, Bibi!"

Uji ule hukuunywa. Mwanao alizaliwa kimya, akazikwa siku ile ile, na mumeo akakurudisha kwangu Mgogoni, ati upumzike. Hajaja kukutazama hata mara moja. Nimelisema hilo, na Mize aliandike.

Ukalala, ukaelekea ukutani. Wiki zikapita. Ndipo Nesi Salma akaja na ile saa ya mkononi ya mpira, na kile kijidude akakitia kwenye simu yako. Saa ihesabu hatua zako na usingizi wako. Simu ikuulize kila asubuhi umeamkaje, nawe ubonyeze kijiuso kimoja kati ya vitano, kuanzia kinacholia mpaka kinachocheka. Yeye huko Chake avione, ajue lini aje mbio. Akasema, "Hata bibi asiyesoma ataweza." Nikafurahi, mie niliyeijua skuli kwa nje tu.

Siku ya kwanza simu ililia, hukuinua hata kidole.

"Asya, waulizwa hali."

"Jibu utakavyo, Bibi."

"Mtu akuulize hali asubuhi, ajibiwe ovyo? Nani alokulea weye?"

Nikabonyeza kinachocheka.

Wallahi sikukusudia uongo. Nimelelewa hivyo: ukiulizwa umeamkaje, wasema salama, alhamdulillahi, hata kama paa limekuangukia. Siku aliyokufa babu yako watu walipiga hodi wakaniuliza hali, nami nikasema njema, maiti yumo ndani. Basi simu nayo niliiona mgeni aliyepiga hodi. Kila asubuhi nikaijibu kwa adabu yangu, na maumivu yalikuwa yako.

Saa nayo ukaivua, ukasema yabana. Nesi alisema isivuliwe, nikaivaa mie, nikidhani nakulindia. Nikaenda nayo kupalilia muhogo, nikaenda nayo kuokota kuni. Siku moja Nesi akapiga simu kwa bashasha: "Hongera, Bibi! Asya atembea kuliko mie!" Nikacheka naye. Nawe kutoka kitandani, bila kugeuka, ukauliza taratibu, "Bibi, nani huyo anayetembea?"

Swali lile lingenitosha kunizindua. Mie nikakuletea chai.

Ulipoanguka uani ukashindwa kuinuka, Nesi alikuja. Akakushika mkono, umekuwa kijiti. Akatazama simu, akanitazama mie. "Bibi, huyu ndiye aliyekuwa akicheka siku zote hizi?" Nikauficha mkono wenye saa ndani ya kanga, mwanamke mzima, kama mwizi wa machungwa. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Sasa umelazwa Unguja, mama yako yuko nawe. Jana kanipigia. Kasema saa iko mkononi mwako mwenyewe, na simu waijibu mwenyewe, na kila asubuhi wabonyeza kinachocheka. Na sahani yarudi imejaa. Nililia, Asya, mpaka Mize akaja kunishika. Hilo hukufunzwa na ugonjwa. Nilikufunza mie.

Basi nisikilize. Leo asubuhi Nesi alipita, akasimama mlangoni. "Bibi, umeamkaje?" Salama ilikuwa imeshanifika kinywani. Nikaimeza. Nikasema, "Vibaya. Sijala tangu jana. Namtaka mjukuu wangu." Umri wangu wote sijapata kumwambia hivyo mtu aliyepiga hodi. Nilidhani ataona nimemvunjia heshima, aende zake. Akavua viatu, akaingia, akakaa nami mkekani mpaka jua likafika miguuni petu. Hakuniambia nisubiri, hakuniambia nishukuru. Alikaa tu. Kisha akasonga uji, nikanywa.

Kumbe mtu akiambiwa kweli hakimbii. Nimelijua hilo na meno yameshaisha.

Sijui kama utanisamehe, na leo sikuombi msamaha. Nakuomba kidole chako kimoja tu. Kesho wakikuuliza, bonyeza kinacholia. Usiwastahi hao. Usinistahi mie. Mwanao hakulia, mke mwenzangu. Weye lia.

Sisi huku si wazima.

Bibi yako