Jiwe la Gurudumu la Nyuma

Mwaka umezunguka, Baba yetu Job Wabwile, tangu utoke hapa kijijini Kwanza na mahindi ya jirani, ukasema utarudi kutoka Bungoma kabla chai haijapoa.

Pikapu yako ya kijani tulikua nayo. Breki ya mkono ilikufa binti yako Viola akiwa darasa la sita. Kila uliposimama ulisema, "Viola, jiwe." Naye aliruka chini, akaliweka nyuma ya gurudumu, akagonga bodi mara mbili, ndipo ukazima injini. Watu wakicheka uliwaambia, "Breki yangu ina miguu miwili, tena inakula ugali."

Wagonjwa wangapi uliwafikisha Kitale na hiyo gari. Asiye na nauli ulimwambia aimbe tu njiani.

Viola alikuambia mara moja. "Baba, si hii gari ipumzike?"

"Ikipumzika, mimi nitaenda na nani?"

Hakurudia. Hilo ndilo linamla mpaka leo, kwamba hakurudia.

Siku ile alibaki nyumbani kumuuguza Mama. Sokoni Bungoma ulisimama mahali pa mteremko, ukaiacha gari kwa gia, ukashuka na jiwe mwenyewe. Gia ikachomoka, gari ikaanza kurudi nyuma. Nyuma yako kulikuwa na akina mama wa nyanya. Wanasema uliwapigia kelele wakimbie, wewe ukabaki umeinama, unasukuma jiwe. Wao wote walipona.

Mwezi uliopita Wakoli, kifungua mimba wako, alileta fundi, akasema, "Ati bodi bado iko sawa. Tutengeneze breki, irudi barabarani. Si ndiyo ilitulea, bana?"

Mama akatazama chini. Viola akauliza polepole, "Na ikikufa tena, kaka, jiwe utampa nani?"

Kesho yake Wakoli mwenyewe ndiye alitoa magurudumu, moja baada ya lingine, huku akilia. Sasa imekaa juu ya matofali nyuma ya jikoni, kuku wanataga ndani. Imepumzika, Baba. Haitaenda na mtu tena.

Jiwe tumeliweka kichwani pa kaburi lako. Jioni Viola hukaa kwenye kile kiti chake cha kushoto ndani ya pikapu, mlango wazi, mguu mmoja chini. Hakuna anayemwita.

Unakumbukwa na mke wako Wilkista, wanao Wakoli, Fridah na Viola, wajukuu, na majirani wote uliowabeba.

Daima uko nasi, Baba. Hatutakusahau.