Orodha ya Noelene

Jumapili, 2 Oktoba

Nimeanguka. Si vibaya. Matope yalikuwa laini, na mengine hayakuwa matope.

Ilikuwa siku ya mazoezi klabuni. Mara yangu ya kwanza kumpanda farasi wake Gavana mbele ya watu tangu mke wangu Noelene afariki mwezi Machi. Hata zamu yangu haikuwa imefika, nilikuwa bado kwenye kiwanja cha kupasha farasi moto. Dulcie Pruett, rafiki wa Noelene wa klabuni, akaja mbele yangu juu ya jike lake la kijivu. Kanuni ya pale: mnapishana bega la kushoto kwa bega la kushoto. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini na moja. Nashika kushoto, anayekuja anapita kulia kwangu. Basi nikashika kushoto. Dulcie naye akaja upande huo huo. Gavana akaamua mwenyewe — kando! Nikabaki hewani kidogo, bila farasi.

"Shemeji!" Dulcie akapiga kelele. "Hii si barabara ya Horsham!"

Binti yangu Tegan alikuwa kwenye uzio. Hakucheka. Afadhali angecheka. Ndani ya gari akasema, Baba, una miaka sitini na sita, na huyo ni farasi wa Mama, si wako. Mama mkwe wake ana malisho huko mbali, Queensland. Nikianguka tena kwenye mashindano ya siku ya maonyesho, tarehe 15, Gavana anaenda huko.

Na nisipoanguka?

Tukavuka daraja. Kisha: "Anabaki."

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimepata daftari la Noelene la mazoezi. *Tembea dakika kumi, hatamu ndefu. Mchakamchaka, duara kubwa kushoto, kisha kulia. Akipuliza pua, yuko tayari.*

Nimefanya yote. Dakika hamsini. Hakupuliza. Mgongo mgumu kama ubao wa kupigia pasi. Aliyepashwa moto ni mimi — shati limelowa.

Jumatano, 5 Oktoba

Dulcie amekuja na keki ya limau. Anasema Noelene alikuwa akimwongelesha Gavana. Midomo yake ilikuwa ikicheza muda wote wa kupasha moto.

"Akisema nini?"

"Mimi nilidhani anasali, shemeji."

Nimejaribu sala. Baba Yetu, mara mbili. Gavana akainua mkia, akajibu kwa njia yake. Nimejaribu hali ya hewa. Matokeo ya mpira. Wapi!

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimesahau tena majani ya chai. Mara ya tatu. Nilikuwa nimeshafika kwa mwenye duka ndipo nikakumbuka, nikasimama kama nguzo.

Noelene hakuwahi kuandika orodha. Jumamosi akitoka kupanda alipita dukani na buti zake za matope, akarudi na kila kitu. Nilipomwuliza anawezaje, alisema ameshaiweka kichwani asubuhi.

Asubuhi! Asubuhi alikuwa juu ya Gavana!

Nimeacha toroli pale pale. Sina chai, sina mkate.

Jumapili, 9 Oktoba

Maziwa, mayai, siagi, majani ya chai. Sikio moja la Gavana likageuka nyuma. Vitunguu, sabuni ya vyombo. La pili. Shingo ikashuka kidogo.

Kisha basi. Anasubiri. Nikaongeza chumvi, mchele, betri, dawa ya mende, karatasi za choo. Bado anasubiri, masikio nyuma, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.

Jumanne, 11 Oktoba

Rafu ya juu, nyuma ya kopo la unga: pakiti ya biskuti za tangawizi. Haijafunguliwa. Noelene hakuzila, zilimuumiza meno. Zilikuwa zangu. Hii aliinunua Februari. Ya mwisho.

Nilisimama nayo mpaka chai ikapoa. (Ya kuazima kwa Dulcie.)

Kisha nikatoka kumtandika Gavana. Maziwa, mayai, siagi, majani ya chai, vitunguu, sabuni ya vyombo — na biskuti za Merv.

Akapuliza pua! Kama lori linaloachia breki za upepo. Mgongo wote ukalegea chini yangu. Duara lililofuata sikuliona vizuri. Vumbi, nadhani. Ingawa imenyesha tangu Jumapili.

Kila Jumamosi, miaka yote hiyo. Mwisho wa orodha, mimi, Merv wake.

Alhamisi, 13 Oktoba

Balaa. Dulcie anasema mbele ya jaji ni marufuku kuongea na farasi. Kila neno, alama zinakatwa.

"Kwenye kupasha moto sema mpaka ukauke koo. Ukivuka ule ubao mweupe wa kuingilia uwanjani, mdomo fyata."

Na akikakamaa tena mle ndani?

"Hakikisha ameingia amelegea. Ndiyo maana tunawapasha moto, shemeji. Ulidhani ni viporo?"

Nimefunga utepe mwekundu kwenye mkono wa kulia, nikumbuke kushika kulia.

Jumamosi, 15 Oktoba

Naandika kwa penseli, nimekaa kwenye ngazi ya tela la farasi. Mimi ni namba 14.

Tulipasha moto vizuri! Nimepishana na farasi tisa, kushoto kwa kushoto, bila kumgusa mtu. Orodha kwa sauti. Mzee mmoja mwenye kofia kubwa akasema nimletee na mkate. Dulcie kutoka ng'ambo: "Na sukari!" Ilipofika zamu ya biskuti, Gavana akapuliza. Tayari kabisa.

Halafu kipaza sauti: jaji ameenda kunywa chai. Nusu saa!

Nikashuka. Sasa Gavana amepoa. Kichwa juu, anawakodolea macho kondoo wa maonyesho, mgongo umerudi kuwa ubao. Tegan amefika. Ameshika uzio kwa mikono miwili.

Ile pakiti nimekuja nayo, kwenye mfuko wa koti. Si ya kufungua. Nilitaka tu iwepo.

Gavana ameipata. Ameng'oa mfuko na kona ya pakiti pamoja. Nimemkasirikia kama sekunde mbili. Basi, imeshafunguka. Moja yake. Moja yangu. Zimelainika kidogo, lakini ni zenyewe.

Dulcie anakuja mbio: "Jaji amerudi! Kumi na tatu amejitoa — ni wewe, shemeji! Panda!"

Na kupasha moto? Na orodha?

"Hakuna muda wa orodha!"

Gavana anatafuna. Amepuliza pua juu ya karatasi hii, na mgongo umelegea. Haya matone ni yake, walau mengi yake. Tegan anaita, Baba, Baba, shika kulia! Mdomo wangu umejaa biskuti, siwezi kusema neno hata nikitaka. Naegemeza karatasi kwenye tandiko. Mguu wa kushoto uko kwenye kikuku —