Pita Katikati ya Lango

Furaha mjukuu wangu,

Hapa Louisville sote tu wazima. Mjomba wako amerudi kutoka Columbus na unga wa muhogo wa kulisha kanisa zima.

Picha ya lile lango la mawe la huko Lille, Ufaransa, nimeiona. Unauliza lina kazi gani wakati ukuta wa mji haupo tena, na wewe mwenyewe ulipita pembeni. Tena unasema huko hakuna anayekujua. Bon, nikuambie.

Nilipokuwa msichana kule milimani, tulimjengea mchungaji mgeni lango la mianzi na maua, uwanjani, bila uzio wowote. Yeye akakwepa matope, akatokea nyuma ya jiko, akatukuta mikono imejaa unga! Babu yangu akamwambia, “Mchungaji, tafadhali, rudi chini langoni, uingie vizuri.” Akarudi, akakanyaga matope yote huku akicheka, nasi tukaimba mpaka sauti zikakauka. Alipotokea upande wa pili, uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwao.

Donc, kesho rudi pale. Pita katikati, na ukiwa chini yake unipigie simu. Nitaimba. Majirani watanisamehe.

Nyanya yako