Msajili wa Ndoa Haandikishi Yake

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, mimi ni fundi simu na ninaishi na msajili wa ndoa, ndiyo, yule anayewaambia maharusi ofisini kwamba ndoa isiyoandikwa ni maneno ya upepo, lakini yetu haandikishi, mwaka wa saba sasa, mtoto wetu alimsajili hata kitovu hakijadondoka, ila nikimkumbusha ndoa ananipa somo la historia, eti, "Mke wangu, haya madaftari yaliletwa na wakoloni, bibi zetu waliolewa bila mhuri na wakazikwa bila cheti," basi narudi kwenye simu zangu, sasa majuzi tumbo likamshika, nikamkimbiza hospitali, anaingizwa kupasuliwa muuguzi akauliza, "Huyu ni mkeo?" naye akainua kichwa kwenye machela akasema, "Hapana, tunaishi tu, mwandikeni dada yangu," nikatolewa nje, wifi akaingia, nikabaki kwenye benchi na viatu vyake mapajani, na tuliporudi nyumbani nilipomuuliza akajibu kwamba kwenye fomu za serikali yeye hadanganyi, mshauri, nilimwogesha huku nalia, je, nivumilie au niondoke?

Fundi Simu

Fundi, pole. Sasa nikuulize: miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri nini, akupandishe cheo? Mtu anayeelekea kwenye kisu akisema wewe si mkewe, mwamini.

Na hiyo historia yake ameikata mkia. Kweli, mahali pengi madaftari hayo yalianza kwa kuandika wenye vyeo, sisi wengine tukaachwa nje. Na walioachwa nje ndio waliolia: mume akifa, mjane anatolewa na shemeji ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, na hana cha kuonyesha. Bwana msajili anayajua hayo, ndiyo yanayompa ugali wake, halafu anakuletea nusu ya historia aliyokwisha kuitafuna! Usiniambie mganga hajigangi. Huyu dawa anayo, anakunyima.

Futa machozi, yanamnenepesha. Akirudi kazini, chukua kitambulisho na mashahidi wawili, panga foleni dirishani kwake kama raia yeyote. Zamu yako ikifika sema, wasikie hadi mlangoni: "Nimekuja kuandikisha ndoa yangu na wewe." Akishika kalamu, hongera. Akianza kujikuna na kusema, "Hilo tutaongea nyumbani," usigombane naye. Mpishe anayefuata, kisha nenda kamchukue mtoto na vifaa vyako vya kazi, upange chumba kwa jina lako.