Fulu wa Kiganjo

Mama yangu,

Nakusalimia sana kutoka huku Kiganjo. Akinyi akikusomea hii, mwambie asome polepole, na asicheke mwandiko ya kaka yake. Mguu yako imepoa? Mvua imefika huko? Mimi niko mzima, nakula, nalala, ni baridi tu ndiyo inanipiga. Asubuhi mlima iko nyeupe huko juu kama mtu amemwaga unga. Naandika Kiswahili kwa sababu siku hizi za hali ya hatari barua za huku zinafunguliwa kwanza, na ikiwa kwa lugha yetu inakaa ofisini mpaka apatikane mtu wa kuisoma.

Sasa mama, utacheka. Unajua Bwana wa polisi aliniandika kazi ya kufagia na kumwagilia maua. Siku hizi kazi yangu ni fulu. Fulu hizi hizi zetu, samaki wadogo wa kuanika juani. Bwana alizileta na treni kutoka Kisumu ndani ya debe, akaziweka kwa sanduku ya kioo sebuleni, na jioni anakaa anaziangalia tu. Haziliwi. Aliposikia natoka ziwani akasema, "Basi wewe unajua samaki." Nikaona haya kumwambia najua kuzipara tu. Nikasema ndiyo Bwana.

Halafu akatumwa kazi upande wa Kutus. Akaniambia, "Yule jike atazaa. Nikirudi nikute watoto wazima, nitakupa ruhusa na pasi ya kusafiri, uende uone mama yako." Mama, tangu siku hiyo hata usingizi yangu ilikuwa ya samaki.

Lakini yule jike akaacha kula. Kidevu ikavimba kama mtu ameumwa na jino. Nikajua ni ugonjwa ya koo, nikaanza kumwombea. Ndiyo siku moja napangusa kioo, naona vitu vidogo vidogo viko na macho, vinacheza mbele ya uso yake. Watoto. Nikakimbia jikoni kuita mpishi, Kariuki. Huyo ni mtu wa hapa hapa, na watu wa kwao zamani hawakula samaki. Yeye anasema samaki ni nyoka imekosa urefu.

Akaja na mwiko mkononi, akainama juu ya kioo. Kivuli yake ikaanguka kwa maji. Yule jike akafungua mdomo, watoto wote wakaingia ndani, akafunga.

"Wako wapi?" Kariuki akauliza.

"Amekula."

"Amekura watoto yake?" Akarudi nyuma. "Si niriwaambia hii kitu ni nyoka?"

Mama, niliona pasi yangu imeingia kwa tumbo ya fulu. Nikamtoa na kichujio, nikamweka kwa karai ya maji, nikachukua kisu. Nilifikiri nikipasua haraka labda nitapata mmoja anapumua bado. Kariuki akacheka, ati Mjaluo amengoja siku nyingi apate sababu ya kumla. Nikamshika fulu vile wewe unashika sokoni, kidole chini ya kidevu, nikafinya kidogo ili atulie.

Watoto wakatoka mdomoni. Wazima wote, wakaanza kuogelea kwa karai. Na kisu iko mkono ingine. Nilikaa chini sakafuni, nikasukuma kisu mbali.

Kariuki aliweka mwiko chini. Bibi na watoto wake wanakaa kwa kijiji ile mpya, serikali imeizungushia mtaro. Halafu akasema, "Kumbe anaficha. Bibi yangu ni hivyo hivyo. Firimbi ya kafyu ikiria, anavuta watoto wote ndani, hata wa jirani." Akainama kwa karai, sasa polepole, akasema, "Pore, mama watoto."

Tangu hapo tunalea pamoja. Watoto wanakaa kwa karai yao, kwa sababu yule dume wa kwa kioo anaweza kuwala kweli. Baridi ya hapa ingewaua, kwa hivyo tunatia maji moto kwa chupa, tunaziba, tunaitumbukiza katikati yao. Chakula yao ni kiini ya yai, imechemshwa, nafinya kwa kitambaa inatoka kama vumbi. Kariuki ndiye anatoa yai jikoni. Na akikaribia anavua kofia, ati kivuli isiwatishe.

Bwana amerudi. Aliangalia karai, akafurahi, akasema, "Kweli wewe ni mtu wa ziwa." Nikaangalia viatu. Nyuma ya mlango Kariuki alikuwa anakohoa kikohozi ya uongo.

Pasi iko mfukoni, mama. Nakuja mvua ikikatika. Kariuki atabaki na watoto. Ameniambia, "Rakini usikawie, mimi siwezi kurea Wajaluo wengi hivi peke yangu."

Nisalimie baba mdogo Odhiambo na nyavu zake, na nyanya, na bibi ya kaka yangu na mtoto wake ambaye sijamwona. Na wewe wa ofisini unayefungua barua hii kabla ya mama, nakusalimia pia. Samaki niliyoandika ni samaki tu, si fumbo.

Mama, najua ukisikia nimefika utakimbia sokoni kutafuta fulu. Siku ya kwanza nipe mboga. Na kama umeshanunua, angalia mdomo kwanza.

Ni mimi mtoto wako,
Ouma