Majibu ya Mama Balbina

Michenga, Ifakara
2 Aprili, 1957

Kaka Evaristo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimepona. Sisi hatujambo. Mto umejaa, mpunga unachanua, na Mama amehamia tena shambani.

Kitabu chako kilifika katikati ya mwezi wa pili. Padre Fridolin alikuja nacho kwa baiskeli, akatusomea mbele ya nyumba, akikigeuza kutoka Kijerumani ukurasa kwa ukurasa. Alisema ndicho kilichokupa uprofesa wa falsafa huko Uswisi, na kwamba kimejengwa juu ya majibu ya Mama kwa maswali uliyomletea kwa barua miaka sita. Mama alisikiliza hadi mwisho wa sura ya kwanza, kisha akauliza huyu Balbina mwenye maneno mengi ni wa wapi, maana jina ni lake lakini mdomo si wake. Watu walicheka. Padre akasema huo ndio unyenyekevu.

Ndipo akafika pale uliponitaja mimi. Umeandika kwamba barua ziliandikwa na mdogo wako, mkono unaoshika kalamu bila kuelewa kinachopita chini yake. Nilimwomba Padre arudie. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki saba. Nilitolewa shule darasa la nne nikaamie ndege shambani, wasile mpunga, ili wewe uende seminari, ambayo hata hukuimaliza. Hilo sikukulaumu, lilikuwa la Baba. Hili ni lako.

Sasa unasema mwezi wa tano unakuja na maprofesa wawili na mashine ya kunasa sauti, mmuulize Mama maswali yale yale mbele ya watu. Hapo siwezi kunyamaza, maana atakayeaibika ni yeye.

Ulipouliza mtu anajuaje kwamba anajua, Mama alisema nikuandikie uoe. Ulipouliza wafu wako wapi, alisema wako makaburini, na kaburi la Baba linataka kupaliliwa. Nikaona aibu kukutumia hayo. Nikapanda dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, nikaandika ya kwangu huku nikirusha mawe kwa kombeo. Kwamba anayelinda shamba hajui kilichomo, anajua kinachopungua tu: hilo ni langu. Umelijengea sura ya tatu nzima. Hakuna jibu hata moja la Mama katika kitabu hicho. Kosa la kutumia jina lake ni langu. Nilijua la kwangu usingelisoma.

Njoo na wageni wako. Mama msimuulize kitu, kuleni wali wake. Mwenye maswali apande dunguni. Nipo tangu alfajiri, na mashine itanasa na ndege.

Mama anakusalimu. Anasema uvae nguo nzito, na uoe. Haya ni yake, sikuongeza neno.

Mdogo wako,
Eufrasia